Mbuzi Hawajambo

Kuna wanaofukuzwa kwa mbwa, kuna wanaofukuzwa kwa panga, na wapo wanaofukuzwa kwa kuitiwa mwenyekiti wa mtaa. Egide Habonimana alifukuzwa kwa ugali. Ugali wa muhogo, laini, na samaki pembeni, migebuka ya mawese, na kila alipotaka kunyanyuka aliongezewa.

Egide ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Zamani aliishi na Regina kwenye chumba kimoja Katubuka, bila ndoa ya kanisani wala ya bomani. Wakapata binti, wakamwita Inamahoro, jina lenye amani ndani yake, na tangu siku hiyo hawakuiona amani kwa macho. Mtoto alipofikisha miaka miwili Egide akavuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo. Alisema kuna injini mbili zimeharibika, wiki mbili anarudi. Inaonekana injini za Kalemie zina magonjwa mengi, maana alirudi baada ya miaka miwili na nusu, na redio moja, simu mbili, na vitenge sita vya kuombea msamaha. Regina alipokea vitenge. Msamaha alisema atafikiria.

Kilichomuumiza Egide si Regina. Kwa Regina alijua amekosa. Kilichomuumiza ni siku alipokwenda Buzebazeba, alikohamia Regina kwa mama yake, kumsalimia mtoto, na mtoto akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake akauliza, "Bibi, huyu mgeni ametoka wapi?"

Akarudi Kibirizi, akafungua injini ya mtu, akaifunga, akaifungua tena. Kesho yake akaenda ustawi wa jamii.

Afisa ustawi alikuwa Bi Honorata, mama mpole anayeandika polepole kama mtu anayeonea huruma kalamu. Aliwaita wote: Egide, Regina, na bibi mzaa mama, Verediana, ambaye hakuitwa lakini alikuja. Bi Honorata akasema mtoto bado mdogo, atakaa kwa mama yake, hilo halina mjadala. Lakini baba ana haki ya kumwona mtoto, na mtoto ana haki ya kuonwa. Kwa hiyo baba ataanza na Jumamosi sita, saa nne asubuhi mpaka saa sita mchana, hapohapo Buzebazeba kwa bibi, kwa kuwa Jumamosi Regina yuko sokoni na vitenge vyake. Bibi ataandika kwenye daftari kila ziara ilivyokwenda. Jumamosi sita zikiisha bila lawama, mtoto ataanza kwenda kwa baba yake Katubuka, asubuhi mpaka jioni. Akikosa hata moja, anaanza kuhesabu upya.

"Bibi, una pingamizi?" Bi Honorata akauliza.

"Mimi?" Bibi Verediana akashika kifua. "Nyumba yangu haijawahi kumfukuza mgeni."

Ikaandikwa: hakuna pingamizi. Egide akasaini huku anatabasamu, kama dagaa anayeshukuru kuwashiwa taa na wavuvi.

Jumamosi ya kwanza alifika saa nne kasoro dakika tano, amevaa shati la mikono mirefu, kucha amezisugua kwa petroli mpaka zinanuka usafi. Mkononi ana mwanasesere. Bibi Verediana alikuwa ameshaketi barazani kwenye mkeka, na kiti kimoja kimewekwa mbele yake, peke yake, kama kiti cha shahidi.

"Mwakeye," akasema bibi, na kuanza kupiga makofi.

Sasa, kama hujawahi kusalimiwa na Muha mtu mzima, unaweza kudhani salamu ni neno. Si neno. Ni kazi. Unainama, unapiga makofi taratibu, unaulizwa umelalaje, unajibu, na wewe unauliza, unajibiwa, makofi hayakatiki. Egide wazazi wake walitoka Burundi lakini yeye kazaliwa hapahapa Kigoma, salamu anaijua. Asichokijua ni kwamba inaweza kuwa ndefu kiasi kile. Bibi aliuliza habari za usiku, za kuamka, za njiani. Akauliza mama yake Egide aliyeko Kasulu, magoti yake, na mkunga wa ndizi aliosema atautuma mwaka juzi. Akauliza kazi, akauliza boti, akauliza ziwa kama vile ziwa ni shemeji yake. Akauliza majirani wa kulia na majirani wa kushoto. Ikafika saa nne na nusu.

"Na mbuzi hawajambo?"

Egide hana mbuzi. Hajawahi kuwa na mbuzi. Lakini kwenye salamu ya mtu mzima "sina" si jibu. Ukisema huna mbuzi, ndiyo umefungua mlango: kwa nini huna, waliokuwepo wameenda wapi, baba yako aliacha wangapi, umewala? Kwa hesabu ya haraka Egide akaona "sina" itamla dakika ishirini, na "hawajambo" itamla sekunde moja.

"Hawajambo," akasema.

"Ooh. Wanyama wakiwa wazima, mtu ni mzima," bibi akasema. "Wangapi vile?"

"Watatu."

Ndivyo mbuzi walivyozaliwa.

Baada ya salamu kikaja chakula. Mtoto, bibi akaeleza kwa upole, hakai na mgeni wakati mgeni anakula, si adabu. Egide akala haraka akidhani ndiyo njia ya kumaliza. Kumbe kula haraka ni njaa, na mwenye njaa huongezewa. Saa sita kasoro dakika kumi mtoto akaletwa. Alikaa pembeni ya mkeka, akampokea mwanasesere kwa mikono miwili, akamtazama Egide kama mtu anavyotazama daktari wa chanjo.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo." Akafikiri. "Unaondoka saa ngapi?"

Jumatatu Egide alikuwa mlangoni kwa Bi Honorata kabla ofisi haijafagiliwa. Alieleza malalamiko yake yote. Bi Honorata alisikiliza, akafungua daftari lililoletwa na Regina, akasoma kwa sauti: "Baba amefika mapema. Amesalimiwa. Amekula vizuri, ameongezwa mara mbili. Ameonana na mtoto. Ameondoka."

"Kuna uongo hapo?"

"Hakuna, mama."

"Ulikula nini?"

"Migebuka."

"Ya mawese?"

"Ya mawese."

Bi Honorata akatazama saa ya ukutani. Alikuwa hajapata chai. "Baba Inamahoro, humu ndani wanaingia akina baba waliomwagiwa maji ya moto. Nikuandikie wewe nini? Kwamba unalishwa?"

Egide akarudi Katubuka. Alimweleza jirani yake, Pastory, mchoma nyama, na Pastory alicheka mpaka akaacha mishikaki iungue. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: kataa chakula. Sema umekula kwako.

Jumamosi ya pili Egide akakataa chakula. Alisema ameshiba, kwa adabu zote, mkono kifuani. Bibi Verediana hakukasirika. Aliingia ndani, akatoka na daftari na miwani, akaketi, akalowesha ncha ya kalamu ulimini, na kuanza kuandika huku anajisomea herufi kwa herufi, kwa sauti ya kumtosha mgeni: "Baba... amekataa... chakula... cha nyumba..."

Egide akanawa mikono.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumamosi ya tatu Egide alifika anatamani jembe. Angelima kutoka Buzebazeba mpaka Ujiji mjini kama mtoto angekaa pembeni anamtazama. Akapewa kiti. Mgeni wa Bibi Verediana alikuwa mgeni mpaka atakapozikwa.

Hapo ndipo alipoona vidole.

Mlango wa sebuleni ulikuwa na pazia la maua, fupi kidogo chini. Salamu ikiwa imefika kwa majirani wa kushoto, Egide aliona chini ya pazia vidole vitano vya mguu mdogo, vimepauka vumbi. Vilikaa palepale kwenye habari za ziwa. Vilikaa kwenye habari za mihogo. Bibi alipouliza mbuzi, vikasogea mbele.

Egide akakohoa. "Mbuzi wawili hawajambo," akasema. "Mmoja anachechemea."

Vidole vikasogea tena.

"Yupi?" bibi akauliza, makofi yamepungua kasi.

"Pistoni."

Nyuma ya pazia kitu kikacheka, kikajiziba mdomo. Egide moyo ulimruka kama injini iliyokataa wiki nzima halafu inashika kwa kamba ya kwanza. Kumbe saa zote zile anazopigishwa makofi, mtoto yuko hapo, mita mbili, anasikiliza kila neno. Haki yake ya kumwona mtoto ilikuwa dakika kumi. Lakini haki ya kusikiwa na mtoto alikuwa nayo saa nzima, na aliyempa ni bibi mwenyewe, kwa ukarimu.

Tangu hapo mtu aliyekuwa anakimbiza salamu akawa anairefusha. Jumamosi ya nne alieleza kwamba wa pili anaitwa Propela, ana tabia ya kuzunguka palepale, na aliwahi kula risiti ya mteja. Wa tatu ni Plagi, mama mtu mzima, anapiga chafya akisikia redio ya Kongo. Jumamosi ya tano Plagi alizaa mapacha. Bibi Verediana akapiga makofi ya pongezi, akauliza kondo la nyuma lilitoka vizuri, na Egide, ambaye hajui kondo la nyuma la mbuzi linatokea wapi, akasema lilitoka vizuri sana. Kwa ajili ya mguu wa Pistoni bibi alimfungia majani kwenye kipande cha gazeti, achemshe, amkande asubuhi na jioni. Egide alibeba majani yale mpaka Katubuka, akayaweka dirishani. Kuyatupa aliona haya.

Na vidole havikubaki vidole. Jumamosi ya nne yalionekana magoti. Jumamosi ya tano mtoto alikaa kabisa nje ya pazia, mgongo ukutani, mwanasesere amemfunga kamba shingoni kama mbuzi. Bibi alimwona. Hakumrudisha ndani. Aliendelea na makofi.

Jumamosi ya sita ilipita, na Jumatatu wakaitwa ofisini kufunga jambo. Bi Honorata alisoma daftari lote, kutoka mwanzo, bila kuruka. Kwenye ukurasa wa mwisho bibi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: Baba ni mfugaji. Ana mbuzi watatu na watoto wawili. Mmoja mgonjwa, anamkanda.

"Hili zuri sana," akasema Bi Honorata, na kulinakili kwenye faili, polepole, kila herufi ikiwa kama msumari. "Mtu anayetunza mnyama mgonjwa atatunza mtoto. Hukuniambia kama unafuga."

Regina aligeuza shingo, akamtazama Egide. Egide akatazama dari.

"Basi Jumamosi mtoto aende Katubuka. Mimi sitakuja kukuchunguza," Bi Honorata akaendelea. "Jumatatu mtoto ataletwa hapa, nitamuuliza mwenyewe ameona nini kwa baba yake. Nyinyi watu wazima mnanichosha. Watoto hawasemi uongo."

Bibi Verediana akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyesikia injili. "Aende akaone mbuzi," akasema. "Haongei kitu kingine, maskini."

Wiki ile Egide hakutengeneza injini hata moja ikatengenezeka. Mtu aliyekula ugali wa Jumamosi sita ili asiitwe mgeni, sasa atarudi ofisini anaitwa mwongo, na mwongo aliyeandikwa kwenye faili la serikali, kwa mkono wa bibi, kwa kauli yake mwenyewe. Alifikiria kusema wamekufa. Wote watano kwa mpigo? Basi mtoto atatoka hapo analia, na Jumatatu atasema kwa baba nimeona msiba. Akafikiria kusema wameibiwa. Ndiyo aseme mtaa wake una wezi?

Mwisho akaenda kwa Pastory. Pastory hufunga mbuzi wa kuchinja nyuma ya nyumba, na wa Jumamosi alikuwa hajawachinja bado. Alikubali kumwazima watatu mpaka saa nane mchana, maana saa kumi wateja wanaanza kufika. Akamsisitiza tu asiwape majina.

"Wana majina tayari," Egide akasema.

Jumamosi Regina alimleta mtoto saa tatu asubuhi kwa bodaboda. Mtoto amevaa gauni la kanisani na ndala mpya. Wakati anashuka, Regina alimsogelea Egide akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wao wawili waliwahi kufuga kuku mmoja, akawashinda, akahamia kwa jirani kwa hiari yake. "Kwa hiyo wewe jiangalie," akamalizia. "Huyu mtoto hajalala tangu jana." Akaondoka na bodaboda ileile.

Wakabaki wawili. Kwa mara ya kwanza hakuna bibi, hakuna pazia, hakuna ugali. Egide, ambaye alisubiri saa hii toka Kalemie, akagundua hajui waanzie wapi.

Mtoto ndiye aliyeanza. Alivua ndala, akaziweka sawasawa mlangoni, akapinda magoti na kupiga makofi.

"Mwakeye."

Egide akainama, akapiga makofi. Mtoto aliuliza usiku, akauliza kuamka, akauliza bibi wa Kasulu na magoti yake. Akauliza ziwa. Hakuacha jirani hata mmoja, wa kulia wala wa kushoto. Egide alijibu yote, jasho linamtoka, maana alijua salamu ile inaelekea wapi.

"Na mbuzi hawajambo?"

"Twende," akasema Egide.

Nyuma ya nyumba mbuzi wa Pastory walikuwa wamefungwa kwenye mti wa mpera. Mtoto alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka, kama Bi Honorata anavyosoma daftari.

"Propela yupi?"

Egide akaonyesha mweusi.

"Pistoni?"

Akaonyesha mwenye madoa. Pistoni, ambaye miguu yake minne ilikuwa mizima kuliko ya Egide, akaruka juu ya jiwe akasimama hapo, mzima, mwenye majivuno.

"Na mama Plagi?"

Egide akaonyesha wa mwisho. Mtoto akamzunguka mama Plagi mara moja. Akainama, akachungulia chini ya tumbo. Akakaa chini muda mrefu. Pastory alikuwa na kawaida ya kununua madume tu.

"Baba," akasema mtoto, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na Egide angetoa injini zote za Kibirizi ili neno hilo lije na swali jingine. "Huyu ananyonyesha na nini?"

Alikuwa na majibu. Mtu wa Jumamosi sita hakosi jibu. Mapacha wameshaacha kunyonya. Plagi amekwenda hospitali, huyu ni mumewe. Aliyaona majibu yote yamejipanga mdomoni, mazuri, ya kuchekesha, na nyuma yake akaona wiki mbili za Kalemie nazo zilivyoanza na jibu zuri. Akachuchumaa.

"Sina mbuzi," akasema. "Hawa ni wa Pastory, anachoma nyama pale barabarani. Mimi sijawahi kuwa na mbuzi hata mmoja."

Mtoto hakulia wala hakushangaa.

"Najua," akasema. "Bibi aliniambia huna."

"Lini?"

"Siku ile ulileta mwanasesere. Ulipoondoka tu. Alisema huyo hana hata kuku."

Egide akakaa kabisa chini kwenye vumbi, na suruali ya kupokelea mtoto. Akamkumbuka bibi anavyofunga majani kwenye gazeti. Asubuhi na jioni, alisema. Kondo la nyuma, aliuliza.

"Sasa kama alijua, mbona alikuwa ananiuliza?"

Mtoto akainua mabega. "Alisema ukichoka kujibu utaondoka tena. Halafu hukuchoka. Jumamosi ikifika anasema, njoo tumsikilize, leo sijui atazalisha nini."

Kwa Pastory moto ulikuwa umeshaanza kuwashwa, moshi unakuja. Propela akaanza kutafuna kona ya shuka iliyoanikwa, na hakuna aliyemzuia.

"Jumatatu," Egide akasema, "yule mama wa ofisini atakuuliza uliona nini huku. Mwambie kweli. Usiogope. Mwambie baba hana mbuzi."

Mtoto alimtazama kwa masikitiko, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyelelewa bila adabu.

"Watu wakikuuliza mbuzi," akamwambia, "unasema hawajambo."

Akakaa naye chini, gauni la kanisani na vumbi, akamvuta mkono wa shati.

"Yale majani uliyachemsha?"

"Bado. Yako dirishani."

"Basi twende tukayachemshe," akasema Inamahoro. "Pistoni mguu utavimba."